Mirija Miwili kwenye Chungu cha Baba

Nilimwonea wivu mlevi. Najua jinsi hilo linavyosikika. Mlevi huonewa huruma, au husemwa, au huombewa. Mimi kaka yangu nilimwombea kila Jumapili, tena kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, kisha nikarudi nyumbani kumwonea wivu mpaka uji ukaungulia jikoni.

Sababu ilikuwa baba. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kuishi kwake Gungu, nikaweka cherehani barazani na kuanza kushona sare za shule. Mama alikuwa ametutoka miaka mingi. Nilimpikia baba, nilimfulia, nilimkata kucha za miguu, nilimsomea Biblia ingawa alisinzia kabla sijafika mstari wa tatu. Hakuwa mtu wa kukosa shukrani. "Asante, mama," alisema kila nilipomwekea sahani, maana nimerithi jina la mama yake na tangu nizaliwe aliniita mama. Akishanishukuru aligeuza shingo na kutazama barabarani.

Alikuwa anamtazamia kaka.

Kaka alivua dagaa, boti yao ikiegeshwa ufukweni Katonga. Anayelijua ziwa letu anajua kwamba mvuvi wa dagaa ni mtumwa wa mwezi. Siku za giza ndizo za kazi: wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikija taa zinakuwa kama kibatari juani, kwa hiyo boti zinavutwa mchangani na wanaume wanakaa siku kadhaa bila kazi. Wakikaa wanakunywa. Nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa, na nimeona kila kundi lina saa yake ya kulewa. Mkulima wa milimani hulewa ndizi zikiiva. Mwajiriwa hulewa mwisho wa mwezi. Bodaboda hunywa kati ya abiria na abiria, kile kichupa cha plastiki kinachoingia mfuko wa shati. Na wapo waheshimiwa, mtaa wao siutaji, wanaokaa nyuma ya pazia na kikombe cha chai isiyotoa mvuke. Mvuvi hulewa kwa mbalamwezi. Ulevi wa kaka basi ulikuwa na kalenda, na baba aliijua kalenda hiyo kuliko alivyojua sikukuu za kanisa.

Siku moja kabla ya kaka kufika, baba aliomba wembe. Aliomba lile shati jeupe, ambalo mimi nilikuwa nimemshonea kwa ajili ya ibada na hakuwahi kulivaa ibadani hata mara moja. Saa kumi alasiri bodaboda ilisimama, kaka akashuka na dumu la njano la lubisi, ile pombe yetu ya ndizi inayochachushwa kwa mtama, akalibeba begani mpaka uani.

"Mzee mwenzangu!" baba alisema, akainuka kwenye kiti bila fimbo.

Mimi nilikuwa mama. Yeye alikuwa mzee mwenzake. Kwa watu wengine huo ni utani tu wa nyumbani, lakini mimi ulinichoma kama sindano inapovunjikia kidoleni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema neno kuhusu yule anayemuuguza mwenyeji siku zote ambazo mgeni hayupo.

Kwetu lubisi haikunywewa kwa glasi. Ilimiminwa kwenye chungu, chungu kikawekwa katikati, na kila mmoja akaingiza mrija wake, mrefu wa tete, ambao kwa Kiha tunauita umuheha. Mrija haukuazimwa ovyo. Wa baba ulikuwa umekolea moshi hadi kuwa mweusi, na ulichomekwa darini juu ya mlango wa jikoni. Wa kaka ulichomekwa pembeni yake. Asiye na mrija hakuwa na kiti pale, na asiye na kiti hakuwa na neno. Ndivyo ilivyokuwa. Shamba la michikichi liligawanywa kwenye chungu. Kaburi la mama lilisakafiwa kwenye chungu. Hata suala la mahari yangu, kama irudishwe kwa wakwe au isirudishwe, lilimalizwa na wanaume wawili walioinamia mirija, na mimi niliyeolewa nikaachwa nikaletewa jibu jikoni.

Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka kwenye cherehani. Baba aliyekuwa akinijibu "ee" na "haya" tangu asubuhi sasa alikuwa anasimulia. Alicheka mpaka nikasikia meno ya bandia yakigongana. Nikakanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie, halafu nikaacha kukanyaga ili nisikie.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mrija ule wa baba niliwahi kuwa na haki nao. Nilipokuwa mdogo kazi ya kuuosha ilikuwa yangu. Wakishamaliza kunywa, niliupeleka kwenye maji, nikaupuliza mpaka machicha ya mtama yakaruka upande wa pili, nikaulamba ncha kidogo, kwa siri, ule ukali wa uchachu ukanifanya nifumbe jicho moja. "Hakuna anayeusafisha kama wewe," baba aliniambia. Nilipookoka niliacha. Nilimwambia mikono yangu haitagusa tena chombo cha pombe. Alisema haya, akaanza kuuosha mwenyewe, na mimi nikahesabu hilo kuwa ushindi wa imani.

Kisha miguu ya baba ikavimba. Tulifikiri ni kukaa sana. Baadaye tumbo nalo likajaa, macho yakawa na manjano, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo tu, lakini alizungumza na baba kwa heshima na bila kuficha. Alimwambia ini lake limechoka, na akiongeza pombe yoyote, ya ndizi, ya mahindi, ya kiwandani, atakuwa anajichimbia kaburi kwa mikono yake. Baba aliitikia kama mtoto wa shule.

Nikampigia kaka simu hapohapo nje ya wodi. Nilimweleza yote kwa huzuni, na huzuni ilikuwa ya kweli, lakini sitadanganya: ulimini kulikuwa na utamu. Chungu kimekwisha. Kaka atakuja kama watu wengine wanavyokuja, atakaa sebuleni, atakunywa chai yangu, na baba atagawa macho yake kati yetu sawasawa.

Mbalamwezi iliyofuata kaka akashuka kwenye bodaboda na dumu la njano.

Nilisimama mlangoni nikamzuia. Nilisema maneno mengi. Nilimwambia anamuua baba yake kwa mrija. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Dada, usiogope," kwa upole ulionikera kuliko tusi. Na baba, ambaye daktari alizungumza naye mbele yangu, akaniambia kutoka kitini, "Mama, tuache kidogo."

Tuache. Nikawaacha. Nikaenda kanisani kuwasema kwa Mungu, na kwa kuwa nilisema kwa sauti, nikawa nimewasema kwa Gungu nzima.

Yapo mambo niliyoyaona miezi ile na nikayaelewa kama nilivyotaka kuyaelewa. Niliona hawamwiti tena jirani yeyote kuja chunguni, na chungu kimehamishiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Nikasema wanaona aibu. Niliona kaka akiondoka jioni anatembea sawasawa, bila kuimba. Nikasema sasa amekuwa sugu, pombe haimpati tena. Niliona uvimbe wa baba unapungua, viatu vyake vya zamani vinaingia. Hapo nikasema ni uji wangu wa ulezi, majani yangu ya mlonge na maombi yangu, na nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda: baba yangu anakunywa na bado Bwana anamponya kwa ajili ya machozi ya binti yake. Watu wakapiga makofi. Mrija wenyewe sikuugusa. Ningeuosha hata mara moja, ningejua.

Siku moja, mbalamwezi ikiwa imekwisha na kaka amerudi majini, nilipika migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa nazi, chakula ambacho baba alikipenda. Nilimkuta nyuma ya jikoni. Chungu kilikuwa kimekauka, na yeye amekaa na mrija mapajani, anatazama barabarani. Aliisukuma sahani taratibu. "Baadaye, mama," akasema.

Nikaanza kuhesabu moyoni. Mimi niliyemwosha, niliyemnyoosha shati, niliyeacha kuolewa tena kwa ajili yake, ingawa kusema kweli hakuna aliyekuwa ameniomba. Na yule anakuja na dumu, anakaa kwa saa tatu tu, anaondoka na moyo wote wa mzee. Nikajiambia: kama anakunywa hata hivyo, kwa nini anywe ya kaka tu?

Nikajifunga khanga kichwani mpaka kwenye nyusi, nikaenda duka la kona. Nilionyesha kwa kidole kile kichupa cha pombe kali cha bodaboda. Muuza duka, mwanamke tunayesali naye, alinitazama.

"Leo na wewe, mtumishi?"

"Ni ya kumsugua mzee miguu," nikasema.

Nilirudi nikamimina kwenye kikombe cha chai, nikampelekea baba pale nyuma ya jikoni. Alinusa. Alikitazama kikombe muda mrefu, kisha akanitazama mimi, tena si kwa kupitisha macho kama siku zote. Alinitazama hasa.

"Unanipa wewe, mama?"

"Nakupa mimi. Kama ni kunywa, unywe na mimi pia."

Nilidhani atafurahi. Yeye akapangusa kigoda kilichokuwa pembeni yake kwa kiganja, kigoda cha kaka, akasema, "Basi kaa."

Nilikaa na kikombe changu cha chai. Alikunywa taratibu akikunja uso, nami nikafikiri ni ukali wa kinywaji. Alinisimulia jinsi mama yake, yule niliyerithi jina lake, alivyomfukuza mtoza kodi kwa mchi wa kinu, akamkimbiza mpaka mtoni. Hadithi hiyo kaka alikuwa ameisikia mara nyingi. Mimi niliwahi kuisikia vipande vipande tu kutoka kwenye cherehani. Sasa niliipata nzima, mbele yangu, na meno yake ya bandia yaligongana kwa ajili yangu. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyoolewa. Siandiki hili kwa majivuno.

Basi ikawa desturi yetu. Mbalamwezi ilikuwa ya kaka, giza likawa langu. Saa kumi nilifunika cherehani, nikaenda nyuma ya jikoni na vikombe viwili. Vichupa vitupu nilivificha nyuma ya gunia la unga. Nilijiona nimemshinda kaka kwa silaha yake mwenyewe, na Jumapili niliendelea kuwaombea walevi, kwa sauti ya chini kidogo. Baba hakuwahi kuniomba hata siku moja. Kila mara nilimpelekea mwenyewe, na kila mara alipangusa kigoda kwanza ndipo akapokea kikombe.

Ilitokea alasiri, kuelekea mwisho wa giza. Nilikuwa napinda ukosi wa shati la shule nikamsikia anakohoa uani, kikohozi chenye maji. Nilipofika alikuwa ameshika beseni la kuoshea vyombo, na ndani ya beseni kulikuwa na damu nyingi. Majirani walisaidia kumpakia kwenye bajaji. Kule hospitalini wakamchukua, nikaambiwa nikalete shuka na nguo za kubadilisha.

Niliporudi nyumbani, majirani walikuwa bado wamesimama uani. Na kaka alikuwa anashuka kwenye bodaboda, amekuja kuianza mbalamwezi yake, hajui lolote, dumu begani.

Sikumsalimu. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka nyumba za mbali. "Umemuua baba! Anatapika damu, umefurahi sasa? Miaka yote unamletea sumu kwenye dumu!" Akaliteremsha dumu, anauliza nini, nini. Mzee mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakaitikia kwa vichwa, wakimtazama yeye. Nililipiga dumu teke. Kifuniko kikaruka, likamwagika lote juu ya udongo, likatengeneza kidimbwi mpaka kwenye ngazi ya baraza.

Nyuki walikuja kwanza. Halafu kuku. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyepika lubisi ujana wake wote, aliinama akachovya kidole, akaonja.

"Mbona ni sukari tupu? Hii haina mtama."

"Ni maji ya ndizi," kaka akasema. Alikuwa ananitazama mimi tu. "Nayachukua asubuhi kwa mkamuaji kabla hajayachachusha. Hatujanywa pombe, mimi na mzee, tangu daktari aliposema. Nilimwambia ukiacha peke yako utashindwa, tuache wote. Tukaacha wote."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Yeye alikataa. Alisema mama akijua atasimama kanisani kutoa ushuhuda, na wazee wenzake watamcheka, mtu mzima ananyonya juisi kwa mrija." Alikaribia kutabasamu, halafu akaikumbuka damu. "Sasa pombe ya kumtapisha damu ameitoa wapi? Nani amempa?"

Niliwatazama nyuki. Walikuwa wengi sasa, wametanda kwenye ule udongo wenye maji kama watu mnadani.

"Sijui," nikasema.

Hospitalini baba alikuwa amelala chali, midomo imekauka, lakini akili yake ilikuwapo. Kaka alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Kwa mara ya kwanza maishani tulikuwa tumekaa watatu tukiwa karibu hivyo.

"Baba," kaka akasema, "nani alikupa pombe?"

Baba alitazama dari. "Nilijinunulia," akasema. "Nilimtuma mpita njia."

"Mpita njia gani?"

"Anapita tu. Sijui jina lake."

Kaka aliuficha uso wake kwenye mikono, kisha akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilifungua kinywa niseme yote. Baba alinishika kidole gumba chini ya shuka, akakibana kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Nyamaza, mama. Hili liwe letu."

Nimejichunguza mara nyingi kuhusu dakika ile. Kulikuwa na hofu, kulikuwa na aibu, na damu ilikuwa bado kwenye ukosi wa fulana yake. Lakini katikati ya vyote hivyo, nilifurahi. Letu. Hakuna neno baba aliwahi kunipa lililokuwa kubwa kama hilo. Kaka alikuwa na chungu, alikuwa na mrija, alikuwa na hadithi zote. Mimi sasa nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Baba alifariki kabla mwezi haujaisha, asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Tulimzika pembeni ya mama.

Matanga yalipokwisha kaka alifikia darini akashusha mirija miwili. Wake akauvunja juu ya goti akautupa motoni, maana alisema hana tena wa kunywa naye, hata juisi. Wa baba akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyekuwa unauosha," akasema. Niliupokea kwa mikono miwili, nikauchomeka juu ya mlango wangu, na sikumwambia.

Niliitunza siri ile miaka kadhaa. Ningesema niliitunza kwa hofu, na mngeniamini, lakini niliitunza kama mwanamke anavyotunza khanga ya harusi: naitoa peke yangu, naikunjua, naitazama, naikunja. Ndugu walipokutana na kusema, jamani, yule mzee na mwanawe wa kiume walikuwa chanda na pete, nilipakua wali na kutabasamu kwa ndani. Kuna jambo hamlijui. Kuna jambo hata yeye halijui. Kaka hakurudi kunywa. Wenzake wakilala mchangani na vichupa vyao wakati wa mbalamwezi, yeye alikuwa anashona nyavu. Nilimwonea wivu hata kwa hilo.

Mwaka huu, wakati wa kupaka nyumba chokaa, niliushusha mrija. Wadudu walikuwa wameanza kuutoboa. Nikasema niuoshe, kisha niupake mafuta ya mawese usiharibike. Nilikaa uani na ndoo ya maji, nikaupuliza kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo, nikingoja machicha ya mtama yaruke. Hayakuruka. Lilitoka ganda moja jembamba la kahawia, likaniangukia kiganjani. Nililiweka kwenye ulimi. Hakukuwa na uchachu wa kunifumbisha jicho. Bado kulikuwa na utamu wa mbali wa ndizi.

Nilijua siku zote kwamba ilikuwa juisi. Kaka alishaniambia mbele ya Gungu nzima. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuonja ni kingine. Wazee wawili, maana kaka naye ni mzee sasa, walikuwa wameinama kunyonya maji matamu kama watoto, ili mmoja aishi, na mimi nilikuwa napita nyuma ya ukuta na kikombe changu. Niliiacha ndoo palepale, nikachukua bodaboda hadi Katonga.

Ilikuwa mchana, siku ya pili ya mbalamwezi. Kaka alikuwa amekaa kwenye kivuli cha boti, anashona wavu, mguu mmoja ameunyoosha kuuvuta uzi kwa kidole gumba. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani mpaka karibu na magoti yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashangaa kuniona bila mzigo. Sikukaa.

"Kaka, ile pombe ya baba nilimpa mimi. Hakukuwa na mpita njia. Nilikuwa nampa kila ukienda majini."

Alimaliza fundo alilokuwa nalo. Akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Aliniambia siku ileile hospitalini, ulipoenda nyumbani kupika uji."

Ziwa lilikuwa shwari kabisa, na wanawake wanaogeuza dagaa walikuwa wanataniana kwa Kiswahili cha Kongo mbali kidogo na sisi. Nikamuuliza alisema nini hasa, neno kwa neno. Kaka alifikiri. Siku zote amekuwa mtu wa kukumbuka maneno ya baba vizuri.

"Alisema, mama alikuwa anataka kukaa na mimi, na mimi sikujua namna nyingine ya kumkaribisha. Alisema kila ulipomletea alitamani kumwaga, ila akimwaga wewe utasimama uondoke. Akasema nisikwambie kamwe kwamba najua, kwa sababu umefurahi kuwa na kitu chenu wawili." Aliuchukua uzi mwingine akautia kwenye sindano. "Kwa hiyo sikukwambia."

Ningetaka kuandika kwamba nililia, au nilipiga magoti pale kwenye mchanga kuomba radhi. Hayo yalikuja baadaye, na yalichukua muda wake. Lakini kabla ya aibu, kabla ya chozi lolote, kilichonijia nikiwa nimesimama mbele ya kaka yangu na wavu wake kilikuwa kilekile cha siku zote, kibichi kama siku ya kwanza. Hata hilo, baba? Hata hilo ulimpa yeye?